Mjue aliyekupa muhogo wako

Mwezi huu safu yako ya kilimo ni ndefu kidogo. Kaa mahali penye mwanga wa kutosha, usome polepole. Ukichoka, weka gazeti, pumzika, kisha urudi. Ukikutana na neno gumu usiliruke, maana nitalieleza. Habari yenyewe inahusu muhogo ulio shambani mwako, na watu waliouhangaikia kabla yako.

Nianze na swali. Mtu aliyewapatia wenzake mbegu nzuri, akifa, hukumbukwa vipi?

Katika vyuo vikuu wanayo desturi yao. Profesa aliyefanya kazi kubwa akifariki, wenzake huanzisha mhadhara wa kumbukumbu. Mhadhara ni hotuba ya mafunzo. Kila mwaka hualikwa mtu mwenye ujuzi. Yeye husimama mbele ya watu, akaeleza jambo alilolichunguza. Watu humsikiliza, kisha humwuliza maswali. Mhadhara huo huitwa kwa jina la marehemu. Kwa njia hiyo jina lake hutajwa kila mwaka, na kazi yake haikatiki. Ukitaka, ifananishe na hitima, ila hapa hakuna pilau.

Hapa Tanzania desturi hii ipo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoko Morogoro, hufanya kumbukizi ya Hayati Edward Moringe Sokoine. Sokoine alikuwa Waziri Mkuu wetu. Alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Chuo kilianzishwa mwaka huohuo, kikapewa jina lake. Katika kumbukizi hiyo wataalamu hutoa mihadhara juu ya kilimo na maisha ya watu wa vijijini.

Huko Marekani yuko profesa wa mbegu aliyepewa heshima ya namna hii. Jina lake ni Norman Borlaug. Yeye alizalisha ngano fupi huko Meksiko. Ngano hiyo haikuanguka hovyo, na ilistahimili ugonjwa wa kutu. Ikapelekwa India na Pakistani, ikasaidia kuondoa njaa. Mwaka 1970 Borlaug alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Tangu mwaka 1984 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Texas A&M. Huenda baadhi ya wasomaji wa mikoa mingine wanakumbuka mradi wa Sasakawa Global 2000, uliokuwa na mashamba ya mfano ya mahindi. Borlaug alikuwa mmoja wa waliouongoza. Alifariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 95. Chuo Kikuu cha Iowa State, katika jimbo alikozaliwa, kina mhadhara unaoitwa kwa jina lake.

Vizuri. Lakini ngano si chakula cha kulima Kilwa. Ukitoka Somanga, ukapita Nangurukuru na Kiranjeranje, ukavuka Mbwemkuru mpaka Mchinga na Lindi, utakachoona kando ya barabara ni minazi, mikorosho, ufuta na muhogo. Basi nikajiuliza: je, sisi wa pwani ya kusini tunaye mtaalamu wa mbegu wa kumkumbuka? Jibu nililipata kwenye muhogo.

UGONJWA UNAOJIFICHA

Niruhusu kwanza nikusimulie hasara yangu mwenyewe.

Mwaka mmoja nililima ekari moja ya muhogo. Sikuwa na mbegu. Nikaomba pingili kwa jirani. Mashina yake yalikuwa manene, nikafurahi. Sikutazama majani. Mvua ilinyesha vizuri, nami nilipalilia kwa wakati. Mwezi wa kumi nikaanza kung'oa. Mihogo ilikuwa mikubwa na ganda lake safi. Nikapeleka tenga zima nyumbani kwa furaha.

Mama watoto alipomenya na kukata, ndani alikuta madoa ya rangi ya kahawia. Madoa yalikuwa makavu na magumu, kama kizibo cha chupa. Akakata wa pili, yaleyale. Wa tatu, yaleyale. Alitenga vipande vichache vyeupe, vingine akatupa. Siku ile tulikula samaki karibu watupu. Shamba lote lilikuwa hivyo. Miezi kumi ya jembe, na hata makopa hayakupatikana.

Jirani yangu hakunidanganya. Yeye naye alikuwa hajang'oa.

Ugonjwa ule huitwa michirizi ya kahawia. Wengi huuchanganya na batobato. Hayo ni magonjwa mawili. Batobato huonekana kwenye majani machanga ya juu. Majani hujikunja, hupungua, na huwa na mabaka ya kijani na manjano. Mtu yeyote akipita huona kwamba muhogo huu ni mgonjwa. Michirizi ya kahawia ina hila zaidi. Majani hayajikunji. Umanjano hutokea kwenye majani ya chini, yale yaliyokomaa, kando ya mishipa ya jani. Majani hayo yakipukutika, dalili imepotea. Kwenye sehemu changa ya shina huweza kuonekana michirizi ya kahawia, na ndipo lilipotoka jina. Mahali pengine shina halionyeshi kitu. Uharibifu wenyewe uko chini ya udongo, ndani ya mzizi.

Magonjwa yote mawili huletwa na virusi. Virusi ni vijidudu vidogo mno, havionekani hata kwa darubini ya kawaida. Husafirishwa na inzi weupe, wale wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani ya muhogo na kuruka ukiyatikisa. Lakini inzi huyu anapobeba michirizi ya kahawia hafiki nayo mbali. Anayeufikisha ugonjwa mbali ni binadamu. Sisi huubeba ndani ya pingili, tukaufunga kamba, tukaupakia kwenye baiskeli au kwenye basi.

Wazee wa pwani waliujua ubaya huu kabla ya kuujua kwa jina. Ndiyo maana wengine huwahi kung'oa muhogo mapema, kabla haujaoza ndani. Hiyo ni akili. Lakini anayewahi kung'oa hupata muhogo mdogo, na hupoteza ghala lake. Kwa maana wewe unajua, ndugu msomaji, ghala la muhogo ni udongo wenyewe. Faida ya muhogo ni kukaa ardhini ukisubiri siku ya dhiki. Muhogo usioweza kusubiri umepoteza nusu ya thamani yake.

WATU WA AMANI

Sasa twende mbali kidogo, mpaka mkoa wa Tanga. Wilaya ya Muheza iko sehemu ya milima ya Usambara, na katika milima hiyo pana mahali panapoitwa Amani. Pana misitu na baridi. Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kituo kikawa chini ya Waingereza.

Katika miaka ya 1930 alikuwapo Amani mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyeitwa Storey. Mwaka 1936 ndiye aliyeandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi kwamba ugonjwa huu ni tofauti na batobato, akaupa jina la michirizi ya kahawia. Pamoja naye alifanya kazi Nichols, mtaalamu wa kuzalisha mbegu. Nichols alipofariki, kazi yake ilishikwa na Jennings.

Kazi yao ilikuwa nini? Ilikuwa kutafuta muhogo ambao batobato na michirizi ya kahawia haviuwezi.

Walianza kwa kukusanya mihogo ya sehemu nyingi wakaijaribu. Mihogo yote ilishikwa na ugonjwa, mingine sana na mingine kidogo. Hapo hapakuwa na jambo la kushangaza. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Uliletwa Afrika na mabaharia Wareno. Magonjwa haya mawili ni ya Afrika, hayakujulikana huko ulikotoka. Kwa hiyo muhogo ulikuwa mgeni aliyekutana na adui asiyemjua.

Basi wataalamu wakafikiri kuhusu jamaa za muhogo. Wewe unamjua mmoja wao. Ni mti ule wa mpira wenye majani kama ya muhogo ila makubwa zaidi. Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu wake. Biashara ya utomvu ilikufa, lakini miti ilibaki, na watu wakagundua kwamba majani yake yanalika. Hicho ndicho kisamvu cha mpira, ambacho wengine hukipenda kuliko kisamvu cha kawaida. Mti huo ni ndugu wa muhogo, na wenyewe hauonewi hovyo na magonjwa haya.

Nichols na wenzake waliuoza muhogo kwa mti wa mpira.

Nieleze hilo neno. Muhogo una maua ya kike na maua ya kiume katika kichane kimoja. Maua ya kike hutangulia kufunguka, ya kiume hufuata baada ya wiki moja au mbili. Mtaalamu hulifunika ua la kike kwa mfuko mdogo wa kitambaa kabla halijafunguka, ili nyuki asilifikie. Likifunguka, huchukua unga wa ua la kiume la mmea mwingine alioutaka, akaupaka. Kisha hulifunika tena na kuandika kibandiko: mama huyu, baba huyu, tarehe hii. Likifanikiwa, litatoa tunda dogo lenye mbegu tatu. Zikipandwa, kila mbegu hutoa mmea wake. Mimea hiyo hailingani, kama watoto wa baba mmoja na mama mmoja wasivyolingana.

Watoto wa kwanza wa ndoa ile hawakufaa kuliwa. Walirithi nguvu ya baba dhidi ya ugonjwa, lakini walirithi pia mizizi yake. Mizizi ya mti wa mpira ni myembamba na migumu. Huwezi kuila. Basi watoto hao wakaozwa tena kwa muhogo. Wajukuu wakaozwa tena kwa muhogo. Baada ya kurudia hivyo mpaka mara tatu, ilianza kupatikana mimea yenye mizizi minene kama muhogo wa kawaida, na bado ina nguvu za babu yake.

Unaweza kusoma jambo hili kwa dakika mbili. Kulifanya kulichukua miaka kama ishirini. Kila kizazi lazima kipandwe, kikomae, kitoe maua. Kila mmea lazima uwekwe karibu na wagonjwa ili ionekane kama utashikwa. Inayoshikwa hung'olewa na kuchomwa. Hata inayobaki, mingi hutupwa kwa sababu nyingine: hii ni michungu mno, ile haizai, nyingine huvunjika kwa upepo. Katika maelfu huchaguliwa michache ya kuhesabu kwa vidole. Ripoti zimebeba majina ya Storey, Nichols na Jennings. Lakini mashamba hayo yalilimwa na vibarua, waliochimba mashimo, kupalilia na kubeba pingili kwenye mteremko wa Usambara. Majina yao hayako juu ya jalada. Mimi nikisema watu wa Amani, nao nawahesabu.

Kila mmea uliochaguliwa ulipewa namba. Mmoja wao uliandikwa 46106/27. Tafadhali ikumbuke namba hiyo. Nitairudia.

MBEGU INASAFIRI

Mwaka 1957 Jennings aliandika matokeo ya kazi ile. Baada ya hapo kazi ya muhogo ya Amani ilikoma. Jennings mwenyewe alikwenda Uskoti, akawa mtaalamu wa matunda madogo ya nchi za baridi. Alizalisha tunda moja linaloitwa tayberry, kwa kumbukumbu ya mto Tay wa huko. Lakini muhogo hakuusahau. Mwaka 2003, akiwa mzee, alishirikiana na mtaalamu mwingine kuandika tena juu ya michirizi ya kahawia.

Mbegu zake hazikukaa Amani. Katika miaka ya 1950 mbegu zilipelekwa Nigeria, zikapandwa Ibadan. Kati ya mimea iliyoota ulichaguliwa mmoja, ukapewa namba 58308. Mwaka 1971 alifika Ibadan mtaalamu kutoka Korea, jina lake Sang Ki Hahn. Aliutumia mmea huo kuwa mzazi, akapata mihogo mipya iliyozaa sana na kushinda batobato. Watu wa kule walimheshimu, wakampa uchifu wa wakulima. Katika miaka ya 1990, batobato kali ilipoifagia mihogo ya Uganda mpaka watu wakakosa chakula, mihogo ya kutoka Ibadan ilikuwa miongoni mwa ile iliyopelekwa kuwaokoa. Kwa hiyo nguvu iliyotoka Muheza ilizunguka Afrika Magharibi, ikarudi Afrika Mashariki baada ya miaka arobaini.

Hiyo ni habari ya batobato. Habari ya michirizi ya kahawia ilikwenda njia nyingine. Na hapa, ndugu msomaji wa Kilwa na Lindi, ndipo unapoingia wewe.

NAMIKONGA

Baadhi ya mihogo ya Amani ilitoka vituoni ikaingia mashambani. Ilikwenda mkono kwa mkono. Mtu alimpa shemeji yake fungu la pingili. Binti aliyeolewa kijiji cha pili alichukua chache. Hakuna aliyeandika 46106/27 kwenye fungu. Nani atakwenda shamba kuuliza habari za namba yenye mkwaju katikati? Watu waliupa muhogo majina yao.

Huku kusini mwa Tanzania kuna muhogo unaoitwa Namikonga. Pwani ya Kenya kuna muhogo unaoitwa Kaleso. Wakulima wa sehemu zote mbili walikuwa wakisema jambo moja: muhogo huu ndani hauozi kama mingine. Wataalamu wakaja wakauona. Karne hii wakaupima kwa vyombo vipya. Siku hizi inawezekana kusoma chembe za urithi za mmea, yaani zile alama ndogo ndani yake zinazoonyesha wazazi wake ni nani. Walipozisoma, waliona kwamba Namikonga na Kaleso ni muhogo mmoja. Na muhogo huo ndio 46106/27 wa Amani.

Hebu tua hapo kidogo uwaze. Kituo kiliacha kazi hiyo. Nichols alikufa. Vitabu vilikaa kabatini. Kwa karibu miaka hamsini, aliyeutunza muhogo huu hakuwa profesa wala kituo. Alikuwa mkulima wa kusini na mkulima wa pwani ya Kenya. Kila mwaka walikata pingili, wakapanda, wakagawa. Wangeuacha miaka miwili tu, wakachoma mashina yote jikoni, kazi ya miaka ishirini ingekwisha. Pasingekuwa na mtu wa kuirudisha.

Na sasa unahitajika kuliko zamani. Zamani wataalamu walidhani michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa pwani na sehemu za chini tu. Mwaka 2004 ulionekana Uganda, kwenye nchi ya juu, kisha ukaenea kando ya Ziwa Viktoria. Watu wa huko walikuwa wamepanda mihogo inayoshinda batobato, wakadhani wamepona. Mingi kati ya hiyo haikuweza michirizi. Wakaanza kutafuta mzazi mwenye nguvu. Mmoja wa wazazi waliowapata ni Namikonga.

Wataalamu wa Tanzania waliuoza Namikonga kwa muhogo mwingine wa kwetu unaoitwa Albert, ambao huonewa sana na michirizi ya kahawia. Wakapanda watoto wao, pamoja na mahali pengine, katika kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, wakatazama nani kapona na nani kaugua, ili wajue nguvu ya Namikonga imekaa katika sehemu gani ya chembe za urithi. Taarifa yao ilitoka mwaka 2017. Wakiijua sehemu hiyo, wataweza kuchagua miche ingali midogo, bila kungoja mwaka mzima wang'oe ndipo waone. Kazi iliyomchukua Nichols miaka mingi inaweza kufupishwa.

Naliendele wengi mnaijua kwa korosho, karanga na ufuta. Hata mbegu ya ufuta iitwayo Lindi 02 ilitoka hapo. Nasema wazi kwamba jina kama hilo nalipenda. Mkulima wa Nachingwea akiitaja mbegu, anautaja mkoa wake.

Usinielewe vibaya. Sisemi kila mtu ang'oe muhogo wake apande Namikonga. Namikonga nayo inaweza kuingiwa na virusi, ila haviongezeki sana ndani yake kama katika mihogo dhaifu. Tena si kila mtu anapenda mapishi yake. Wengine hupenda Kiroba. Kiroba huweza kuonyesha dalili kwenye majani, lakini mizizi yake mara nyingi hubaki mizuri. Mihogo mingine mizuri imetolewa na vituo vyetu. Mwulize bwana shamba au bibi shamba wa kata yako ipi inafaa udongo wenu na ipi mbegu yake safi inapatikana. Mimi nilikuwa nasema habari ya kumbukumbu.

WEWE PIA NI MTAFITI

Jambo moja wataalamu wengi hulikubali, ingawa si wote hulisema kwa sauti. Mkulima naye huzalisha mbegu.

Pingili humzaa mama yuleyule. Ukipanda pingili ya muhogo mtamu, utavuna muhogo mtamu uleule, na ukipanda pingili ngonjwa utavuna ugonjwa uleule. Lakini mara kwa mara muhogo huota wenyewe shambani kutoka kwenye mbegu iliyodondoka. Huo ni mtoto mpya, hajawahi kuwapo duniani. Wengine huung'oa kama magugu. Wengine huuacha wauone. Ukikua mzuri, huuonja, huukata pingili, huupa jina. Namna hiyo ndivyo yalivyopatikana majina mengi ya mihogo yetu ya kienyeji. Majina mengine yamevuka mpaka. Muhogo uitwao Nanchinyaya kusini kwetu, ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini ya Msumbiji, kuna jina linalokaribiana nalo kabisa, na huko nako unasifiwa kwa kustahimili michirizi.

Tatizo letu ni moja. Mbegu tunaitunza, habari yake hatuitunzi. Bibi akifariki, tunajua kwamba shambani mwake kulikuwa na mihogo ya namna tano. Namna zenyewe zilitoka wapi? Ipi haiozi? Ipi alipewa, na ipi aliiokota imeota? Yote hayo tumeyazika pamoja naye. Kisha anakuja mtaalamu na daftari lake, tunamwambia, "Huu ni muhogo tu." Yeye anaandika "wa kienyeji" na kupanda gari.

Miaka ile bibi hakuwa na la kufanya, kwa kuwa hakujua kuandika. Wewe unajua. Unasoma gazeti hili.

Kabla ya mvua za Novemba na Desemba, fanya hivi. Muhogo ungali na majani, pita shambani. Tazama majani ya chini, siyo ya juu peke yake. Funga kitambaa au kamba kwenye mashina yasiyo na umanjano wowote, kwa sababu majani yakishapukutika hutayatambua. Siku ya kung'oa anza na hayo. Kata mizizi yake yote vipande vipande utazame ndani. Shina ambalo mizizi yake ni myeupe kabisa, hilo ndilo la mbegu. Lenye doa hata moja, lipeleke jikoni. Mche ukionyesha ugonjwa ungali mdogo, ung'oe, usiuonee huruma. Na mtu akikuomba pingili, mpe zile ambazo mizizi yake umeikata ukaiona. Mimi nilipata funzo hilo kwa ekari nzima.

Kisha chukua daftari. Kama una mtoto shuleni, mwambie akupe karatasi moja ya katikati. Kaa na mzee mmoja wa nyumbani kwenu, baba au bibi au shangazi, umwulize habari za muhogo mmoja tu. Usimkatize. Huo ndio mhadhara, na yeye ndiye mwalimu. Andika kwa herufi kubwa, kama hivi:

JINA LA MUHOGO:

ALIYETUPA MBEGU:

ALIITOA KIJIJI GANI:

MWAKA:

HUNG'OLEWA MWEZI WA NGAPI:

NDANI, UKIUKATA:

MTAMU AU MCHUNGU:

WALIOPEWA NA SISI: